Damu Tumboni na Safari ya Mbeya

Jina Sumbawanga, kwa Kifipa, hufasiriwa kuwa "tupa uchawi". Hata hivyo, mtu anapotapika damu ghafla, wako bado wanaouliza kwanza ni nani aliyemroga, na saa zinapita.

Damu hiyo aghalabu hutoka katika mojawapo ya mahali pawili. Pa kwanza ni kidonda cha tumbo, kiletwacho na bakteria waliooteshwa na Marshall na Warren huko Australia mwaka 1982, au na dawa za maumivu kama diklofenaki, ambazo mkulima aumwaye mgongo hununua dukani bila kuulizwa neno. Pa pili ni mishipa ya umio, ivimbayo ini linapoharibika. Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, kichocho kimeonekana kuwa chanzo kikubwa cha madhara hayo.

Tiba ya yote mawili hupitia mdomoni. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi Marekani, alionyesha mrija unaopindika, wenye nyuzi nyembamba za kioo. Mwanga unaogonga ukuta wa uzi kwa mshazari wa kutosha hurudishwa wote ndani, ukaufuata uzi hata unapopinda. Siku hizi kamera ndogo nchani mwa mrija imechukua nafasi ya nyuzi zilizobeba picha. Daktari hukiona kidonda, hukidunga adrenalini, kisha hukibana kwa kibanio au hukiunguza. Mishipa iliyovimba huifunga kwa vipete vya mpira. Hapasuliwi mtu.

Ni haki ya Rukwa kudai chombo hicho, lakini dai hilo peke yake limeanzia mwisho. Miongozo ya tiba hutaka uchunguzi ufanywe ndani ya saa 24 tangu mgonjwa afike hospitali, baada ya kuongezewa maji na damu. Hospitali ya rufaa ya kanda iko Mbeya, zaidi ya kilomita 300. Mgonjwa aliyetiwa damu mapema anaweza kuimudu safari hiyo; asiyetiwa huenda asivuke Laela. Kwa hiyo benki ya damu hapana budi itangulie, na wachangiaji wake wamo madarasani: wanafunzi wa kidato cha tano na sita waliotimiza miaka 18.

Na mwalimu wa baiolojia asione haya kutaja choo. Choo cheusi kama lami, chenye kunata na kunuka vibaya, ni damu iliyopita tumboni, na mwenye nacho aende hospitali siku hiyo hiyo. (Vidonge vya madini ya chuma wapewavyo wajawazito navyo hukifanya cheusi, ila hakinati wala hakinuki namna hiyo.)