Mji Usio na Watoto

Ukiingia kibanda cha gemu pale Ngamiani siku ya Jumamosi, huenda ukakuta mambo mawili yanachezwa: mpira, na ule mchezo ambao vijana wanauita GTA. Mpira hatuna ugomvi nao. Huu wa pili ndio tunaoulizwa sisi waseminari tukiwa parokiani wakati wa likizo, hasa na akina mama wa jumuiya: je, ni dhambi? Nasi wenyewe mezani tumegawanyika. Wapo wanaosema upigwe marufuku kwa kuwa unafundisha wizi na mauaji. Wapo wanaosema mchezo ni mchezo, wala hakuna aliyeiba gari Chumbageni kwa sababu ya kushika pedi. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zinatazama damu na kusahau kutazama jinsi mji wenyewe ulivyojengwa.

Kwa asiyeufahamu, tuseme kidogo. GTA: San Andreas ulitoka mwaka 2004 kwa mashine ya PlayStation 2. Kijana aitwaye CJ anarudi nyumbani kumzika mama yake. Mchezaji anakabidhiwa eneo zima lenye miji mitatu, mashamba, mlima na jangwa. Akitaka, anafuata hadithi. Asipotaka, anaiacha na kuzunguka apendavyo. Hapo ndipo penye utamu. Kijana ambaye hajawahi kuvuka feri ya Pangani kwenda Bweni anaendesha gari saa nzima na hakuna anayemdai nauli. Furaha hiyo hatuidharau, na anayeihubiria bila kuielewa asitegemee kusikilizwa.

Lakini itazame mitaa ile. Kuna wazee, polisi, wauza dawa, watu wa kila namna. Hakuna mtoto. Hakuna mwanafunzi anayerudi shuleni wala mama aliyebeba mtoto mgongoni. Sababu si ngumu kuiona: mchezaji ana bunduki na ruhusa ya kumpiga yeyote apitaye, na mtoto akiwepo barabarani, siku moja atapigwa. Palikuwa na njia mbili, kupunguza ruhusa ya bunduki au kuwaondoa watoto. Wakaondolewa watoto. Nao watoto wa kweli, wa miaka tisa na kumi, wamesimama nyuma ya benchi pale kibandani wakisubiri zamu.

Kasoro nyingine ni kusahau. Mashine ile ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32 tu, kwa hiyo mji mzima usingeweza kukaa ndani yake kwa wakati mmoja. Watu na magari hutengenezwa karibu na mchezaji, na akigeuka au kusogea mbali hufutwa. Umemgonga mtu? Zunguka mtaa mmoja, urudi: hayupo. Hana jina, hana ndugu, hakuna turubai lililofungwa wala watu waliokaa mkekani. Katika kitabu cha Mwanzo, Kaini anaulizwa alipo ndugu yake; katika San Andreas hakuna wa kuuliza. Tungeusamehe mchezo kwa udhaifu wa mashine, ila GTA V ulipotoka mwaka 2013, kwa mashine zenye nguvu mara nyingi zaidi, wapita njia waliendelea kusahau. Hapo hatuwezi tena kusema ni mashine. Ni uamuzi.

Na polisi je? Wakikufukuza, unaingiza gari gereji, unalipa, linapakwa rangi mpya, na kosa limekwisha. Ni kitubio cha rangi! Sisi tunafundishwa kwamba kuna majuto, kuna kuungama, kuna malipizi, na kwamba aliyeiba anarudisha. Kule ni pesa na brashi.

Ndugu mmoja alitupinga vikali kwa mfano wa bao. Akasema hata barazani wazee wanakula kete mchana kutwa na hakuna anayezililia. Ni hoja nzuri, nasi tulicheka. Ila bao halijawahi kujidai kuwa ni mji. Michezo hii inajisifu kwamba dunia yake ni hai, kwamba unaweza kufanya lolote. Basi tuipime kwa kipimo ilichojichagulia.

Tena inawezekana kufanya vingine. Shadow of Mordor, wa mwaka 2014, ulikuwa na maadui wanaokukumbuka: uliyemchoma moto na akapona anarudi na makovu na kukusimanga. Kampuni ikauwekea hataza ubunifu huo, iliyotolewa Marekani mwaka 2021. Yaani kumbukumbu ilipatikana, ikatumika kwa chuki, kisha ikafungiwa kabatini.

Ulio karibu zaidi na tunachokitafuta ni Red Dead Redemption 2, wa mwaka 2018. Nao una kasoro ile ile kwa namna nyingine: heshima ya mtu inapimwa kwa mizani, na ukisalimia watu wengi na kurudisha samaki mtoni, mizani inapanda hata kama jana uliua. Lakini ndani yake kuna tendo moja lisilofutika. Arthur Morgan anatumwa kudai deni, anampiga mkulima mgonjwa, na kifua kikuu cha yule mkulima kinamwingia. Mchezaji hawezi kuukwepa ugonjwa huo, hawezi kuununulia dawa, na unamfuata hadi kifo. Mchezaji aliyejitahidi kutenda mema anaweza kufikia kituo cha treni ambako Arthur anamwambia mtawa mmoja kwamba anaogopa. Katekisimu, namba 1733, inafundisha kwamba mtu anazidi kuwa huru kadiri anavyozidi kutenda mema. Arthur anaanza kulielewa hilo pale tu ambapo mchezo umemnyima njia ya kutorokea.

Kwa hiyo ukubwa wa ramani hautushangazi sana. Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliigiza sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins, mchezo wenye eneo kubwa la Misri ya kale. Alipotengeneza wake mwenyewe, Tales of Kenzera: Zau wa mwaka 2024, alichagua njia nyembamba: kijana mmoja na huzuni ya kufiwa na baba, tena unaweza kuusikiliza kwa Kiswahili.

Tukirudi Ngamiani: alama ya umri wa miaka 18 imechapwa kwenye kasha, na katika vibanda tunavyovijua kasha halipo, kuna diski iliyonakiliwa tu. Tumependekeza kwa walezi wa vijana waende kuzungumza na wenye vibanda, bila ukali, maana nao wanasomesha watoto. Waombe jambo moja: mpaka jua lizame, uwekwe mpira.