Tamthilia za Uingereza, Runinga ya Marekani

Wengi hudhani ni nchi maskini pekee ziagizazo tamthilia kutoka ng'ambo. Sivyo. Januari 1971, kituo cha umma cha WGBH, Boston, kilianzisha Masterpiece Theatre, kipindi cha tamthilia za Uingereza kilichofadhiliwa na kampuni ya mafuta ya Mobil. Hayakuwa mapenzi ya fasihi tu: kununua kazi iliyokwisha tengenezwa ni nafuu kuliko kutengeneza mpya. Hata mtangazaji aliyekitambulisha hadi 1992, Alistair Cooke, alikuwa mzaliwa wa Uingereza! Nikiwa mwanaisimu, hapo ndipo nionapo hasara: lafudhi ya kigeni ikawa alama ya ubora, za wenyeji zikabanwa pembeni. Mnamo 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 za utangazaji wa umma. Sioni vipi vituo hivyo vitagharimia tamthilia za kwao.