Mstari Mmoja Katika Daftari la Ubatizo



Katika ofisi ya kila parokia limo daftari kubwa la Ubatizo. Kila aliyebatizwa hapo anao mstari wake: jina lake, tarehe, wazazi, na msimamizi. Pembeni huachwa nafasi, kwa maana sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, yaagiza kwamba Kipaimara, Ndoa, Upadre au nadhiri za daima za utawa viandikwe papo hapo. Ndiyo sababu kijana atakaye kufunga ndoa mbali na kwao huambiwa alete kwanza cheti kutoka parokia alikobatizwa.

Sasa tuutazame mstari huo. Mtu alibatizwa akiwa mchanga. Alipokuwa kijana, Kipaimara. Miaka kumi baadaye, Ndoa. Mwisho jina lake huandikwa katika daftari la marehemu. Basi! Ni siku tatu nne za sherehe, na katikati yake maelfu ya siku ambazo karani haandiki neno. Je, siku hizo alimfuata nani?

Kalenda ya Kanisa yatufundisha jambo hilohilo. Majilio, Noeli, Kwaresima na siku 50 za Pasaka, vyote vina mapambo yake na watu wake wengi. Lakini majuma yaliyobaki, 33 au 34, padre huvaa rangi ya majani, na mabenchi huwa na nafasi tele. Ninyi wakulima mwajua: kupanda ni siku chache, kupalilia ni kazi ndefu. Nani aliyepata kupanda mahindi, akalala nyumbani, kisha akarudi siku ya kuvuna na kapu lake?

Tumtazame Bwana wetu mwenyewe. Mtakatifu Luka asema kwamba alipoanza kazi yake alikuwa na umri wa miaka kama 30. Twajua habari zake za hekaluni alipokuwa na miaka 12. Kisha akarudi Nazareti na wazazi wake, akawatii. Miaka ile mingi ya useremala haina muujiza ulioandikwa. Anayetaka kumfuata Yesu sharti amfuate Nazareti pia.

Enyi vijana, Kipaimara si cheti cha kumaliza shule. Ndiyo kwanza mmekabidhiwa jembe. Enyi baba na mama, ndoa yenu haikuisha siku ya pilau. Kusali na watoto kabla ya kulala, kumlipa kibarua haki yake, kusameheana jua lisijachwa: huko ndiko kupalilia kwenu. Nanyi wazee msioweza tena kutembea hadi kanisani, msidhani majira yenu yamepita. Kumfuata Bwana kitandani ni kumfuata kweli. Enyi majirani, mpelekeeni padre habari zao, awaletee Komunyo.

Dominika ijayo yaweza kuwa ya kawaida tu, bila kengele nyingi wala nguo mpya. Njoni hivyo hivyo, pamoja na watoto. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Siku kubwa ataziandika karani. Hizo nyingine Mungu anaziona zote.

Wasalaam,
Karani wenu wa Parokia