*TAARIFA YA KATIBU WA TAWI KWA WANACHAMA WOTE: MTARO KWANZA, FULANA BAADAYE*

Ndugu wanachama,

Naomba msome mpaka mwisho kabla ya kujibu. Mliotuma ujumbe wa sauti jana usiku, nimesikiliza wote.

Kikao cha Jumapili kina hoja mbili. Ya kwanza ni kutumia salio la mfuko wa tawi kununua fulana za sherehe. Ya pili nimeileta mimi: fedha hizohizo zisafishe mtaro unaoshuka nyuma ya ofisi yetu kabla masika hayajaanza. Humu kundini wengi mmeegemea fulana. Mimi napinga waziwazi, na sababu zangu ni hizi.

Nimefungua daftari la fedha. Masika iliyopita tulitoa fedha mara nne: magodoro kwa kaya tatu, mchele na unga, gari la kuhamisha vyombo, na rambirambi. Kwa ajili ya kuzuia, kabla ya mvua, tulitoa sifuri. Mwaka wa nyuma yake ni hivyohivyo. Mtu yeyote aliyesoma hesabu atawaambia kwamba gharama inayorudi kila mwaka haiitwi dharura. Inapangiwa bajeti mapema.

Na rambirambi ile mnajua ilikuwa ya nani. Mtoto anatoka shule, maji yamejaa mpaka barabarani, ukingo wa mtaro hauonekani. Mama yake yumo humu kundini na anatusoma tunavyobishana kuhusu rangi ya kola.

Sasa nijibu hoja zenu.

*1. "Hiyo ni kazi ya manispaa."*
Kujenga mtaro na kalavati ni kazi ya serikali, na tutaendelea kudai. Nakala za barua zetu ninazo, nitazisoma kikaoni. Lakini taka zilizomo zimetoka majumbani mwetu. Jumamosi nilitembea mtaro wote na vijana wawili. Tulikuta godoro, pampasi, chupa, majani ya migomba na viroba vya kifusi. Viroba sita kati ya hivyo ni vyangu, tangu nilipojenga uzio. Nimeviondoa Jumatatu kwa gharama yangu, na ninaomba radhi mbele yenu. Wenye vyao wanajijua. Na wale wanaosubiri mvua ya usiku ili watapishe vyoo, nao wanajijua. Manispaa haikumtuma mtu kufungua shimo la choo saa nane za usiku ili kinyesi kipite mlangoni kwa jirani. Kipindupindu kikiingia mtaani hakiulizi kadi ya chama.

*2. "Wa bondeni wamejitakia."*
Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Siipingi. Ila tupige hesabu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua kubwa, ina maana ya milimita zaidi ya 50 kwa saa 24. Milimita 50 juu ya bati la mita za mraba 100 ni lita 5,000, yaani ndoo 250 za lita 20. Nyumba ishirini ni ndoo 5,000. Sisi wa juu tumesakafia nyua zetu kwa saruji, hakuna hata tone linaloingia ardhini. Tunawamwagia wenzetu ndoo hizo zote, halafu tunawaambia wamejitakia! Kati yao wapo wanachama wanaolipa ada kuliko baadhi yetu.

*3. "Mvua ni mpango wa Mungu."*
Mvua, ndiyo. Mvua za Desemba 2011 zilitajwa kuwa kubwa kuliko zote hapa Dar es Salaam tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walifariki, na waliookoka wengine wakapelekwa Mabwepande. Mtu angeweza kusema hatukujua. Lakini mvua za El Niño zilitangazwa tangu Agosti 2023. Aprili 2024 Waziri Mkuu akaliambia Bunge kwamba watu 155 wamefariki nchini. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilitangazwa kabla hakijafika, na safari za boti kati ya Dar na Unguja zikasimamishwa. Taarifa tunapewa, tena kwenye simu hizihizi. Tunazisambaza, tunaweka alama ya mikono ya dua, tunalala.

Wengine mnasema tusubiri mradi wa Bonde la Msimbazi. Mradi ule ni mwema, lakini nguvu yake iko kule chini. Maji ya Mabibo yanashukia hukohuko, na kila kiroba tunachotupa hapa ni takataka tunayowapelekea.

Upepo nao tusiudharau. Angalizo la upepo mkali hutolewa ukifikia kilomita 40 kwa saa. Angalieni mabati yetu: mangapi yameshikiliwa na mawe na matairi chakavu? Jiwe lile likishuka halichagui kichwa. Na mlingoti wa bendera yetu umeoza kwa kutu pale chini, umeinamia waya wa umeme. Tukimuua mtu kwa bendera ya Chama, tutavaa fulana gani siku ya msiba?

*NINACHOPENDEKEZA*

✅ Salio linunue koleo, glavu na viroba, na likodi kirikuu la kupeleka taka dampo. Zisirudishwe ukingoni.
✅ Jumamosi saa 1 asubuhi kila shina lisafishe kipande chake. Viongozi tutangulie.
✅ Kila balozi alete orodha ya wazee, wajawazito, wagonjwa na wenye ulemavu wanaoishi nyumba za chini, na jina la jirani wa juu atakayewapokea usiku. Nyumba yangu iandikwe ya kwanza.
✅ Mlingoti ushushwe wiki hii, akiwepo fundi wa umeme.
✅ Tumwandikie mtendaji wa mtaa aitishe kamati ya maafa, ambayo iko kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022. Ikae sasa, isisubiri kuja kupiga picha na magodoro.

Na mvua ikianza: usivuke maji yanayokimbia, zima swichi kubwa ya umeme kabla maji hayajaingia ndani, usiruhusu mtoto kwenda shule peke yake. Zimamoto ni 114.

Kikao ni Jumapili saa 10 jioni, ofisi ya tawi. Mwenye kutaka fulana aje aseme kwa mdomo wake. Kura itakuwa ya wazi, na muhtasari utaonyesha kila mmoja alisimama upande gani. Masika yakipita, tutaufungua pamoja.

Mabalozi, wasomeeni ujumbe huu wenzetu wasio na simu za kupokea.

*Katibu wa Tawi*
*Mabibo*