Tuchague Rangi ya Nguo kwa Kupima, Si kwa Kukariri

Yametapakaa siku hizi mafundisho mepesi juu ya rangi za nguo: vaa nyekundu upate ujasiri, vaa bluu uaminike, vaa nyeusi uogopwe. Wapo wanaoyashika kama sharia, wakayakariri na kununua nguo kwa kuyafuata. Kwamba rangi hugusa nafsi ya mwanadamu, hilo halina ubishi. Lakini nguvu hiyo kwa sehemu kubwa hukaa katika jicho la mtazamaji, na jicho hufunzwa na jamii yake. Basi mwenye kutaka kuvaa vyema ajiulize kwanza anakwenda kwa nani na kwa shughuli gani, ndipo achague rangi.

Ushahidi tunao hapa hapa pwani. Zanzibar ya karne ya 19, kaniki, kitambaa cheusi cha nili, kilikuwa vazi la watumwa na mafukara. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka utumwani waliiacha kaniki wakajitanda kanga za rangi na maua, ili mji uwatazame kwa jicho jipya. Weusi huo huo, ukiwa wa buibui, ukahesabiwa stara na heshima. Itazame pia kanga ya kisutu, yenye wekundu, weusi na weupe uliopangwa kwa nakshi ndogo ndogo: harusini ni vazi la bibi harusi. Wekundu huo ukiingia nao katikati ya mashabiki wa timu ya Yanga siku ya mechi na Simba, wavaao nyekundu, utaonekana umekuja kuchokoza. Rangi haikubadilika, waliobadilika ni watazamaji.

Atasema mtu kwamba sayansi imekwisha kuthibitisha nguvu ya rangi yenyewe. Ni kweli watafiti Russell Hill na Robert Barton walichunguza ndondi, taekwondo na mieleka ya aina mbili katika Olimpiki ya Athens ya mwaka 2004, ambako wachezaji waligawiwa nyekundu au bluu bila kuchagua. Waliovaa nyekundu walishinda takriban mapambano 55 katika kila 100. Lakini faida hiyo ilionekana hasa pale wapinzani walipokaribiana uwezo. Mnyonge hakuokolewa na fulana. Tena mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani waliwaonyesha waamuzi 42 wa taekwondo video za mapambano, kisha video hizo hizo rangi za nguo zikiwa zimegeuzwa kwa kompyuta. Mchezaji yule yule alipoonekana amevaa nyekundu, alipewa pointi zaidi kwa kiasi cha asilimia 13. Hapo hakuna mateke yaliyoongezeka. Lililoyumba ni jicho la mwamuzi.

Mwingine atasema kila mtu huvaa kwa ajili ya nafsi yake. Nyumbani kwake, naam. Lakini anayeingia matangani na nguo zinazometameta amekwisha kusema na wafiwa kabla hajatoa pole, na wahenga walituusia kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Kazi nazo zina hoja zake. Mpasuaji hapendi kijani kwa urembo: macho yaliyokodolea damu kwa muda mrefu yakihamia kwenye kitambaa cheupe huona vivuli vya kijani, na vazi la kijani au la bluu huyapumzisha. Naye atembeaye usiku kando ya barabara isiyo na taa akiwa na nguo nyeusi, hata zingempendeza vipi, amejificha mbele ya dereva ambaye angemwepuka.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, tuwafundishe vijana wetu kupima badala ya kukariri. Aendaye kwenye usaili avae rangi isiyovuta macho kuliko maneno yake. Aendaye kufariji avae rangi tulivu. Aendaye harusini ashiriki furaha, asishindane na bibi harusi. Mzazi anayemtuma mtoto dukani jioni amvike nguo nyeupe ionekane mbali. Hakuna katika haya linalohitaji fedha nyingi wala kabati jipya. Linalohitajika ni kumfikiria mwenzako kidogo kabla ya kufunga kifungo cha kwanza.