Fedha za Usalama Zisilale Makao Makuu ya Jimbo

Ndugu zetu mnaoishi Columbus, Minneapolis na Portland ya Maine, mwajua wenyewe kwamba likitokea la kutokea, wa kwanza kufika si gavana. Huja zimamoto wa mji, askari wa kaunti na gari la wagonjwa. Jambo hili lastahili kukumbukwa kila serikali ya Marekani inapotoa ruzuku za usalama wa ndani, na ndilo linalosahauliwa upesi.

Ruzuku hizo zilizaliwa na msiba. Tarehe 11 Septemba 2001 wazima moto 343 walikufa New York katika mashambulizi ya kigaidi. Polisi waliokuwa angani kwa helikopta waliona jengo lililoshambuliwa linaelekea kuanguka, wakawaonya wenzao kwa redio. Wazima moto waliokuwamo ndani walitumia mawimbi mengine, na onyo lile halikuwafikia. Idara mbili za mji mmoja! Sembuse miji mingi, kaunti zake na jimbo.

Fedha zilipoanza kutoka, ukazuka ugomvi wa nani azishike. Mameya walitaka ziwafikie moja kwa moja. Magavana walitaka zipitie kwao, wakidai kwamba kila mji ukijinunulia peke yake, redio hazitasikilizana tena. Hoja hiyo ina haki, nasi hatuibezi. Hata hivyo fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwaka 2004 kamati iliyoongozwa na Mitt Romney, ambaye naye alikuwa gavana, ilichunguza kwa nini fedha zinakwama njiani. Kikwazo kimoja kilikuwa kwamba mji ulitakiwa kununua kwanza kwa fedha zake, kisha urudishiwe. Mji mdogo utazitoa wapi?

Leo sheria inalitaka jimbo lipitishe angalau asilimia 80 ya ruzuku yake kwa serikali za mitaa ndani ya siku 45. Ni sheria njema, ila ina mlango wa nyuma: jimbo laweza kubaki na fungu la mji na kuununulia vifaa, mradi mji uridhie. Ridhaa ya mnyonge mbele ya mwenye mfuko ni ridhaa gani? Meya anayetegemea jimbo kwa barabara na shule atatia sahihi, apende asipende. Kwa hiyo mapatano yafanywe kabla ya ruzuku kuombwa, wote wakiwa mezani, wala si baada ya hundi kufika.

Miji nayo isijifanye malaika. Ripoti ya Seneta Tom Coburn ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba magharibi mwa Michigan fedha hizi zilinunua mashine 13 za kutengenezea barafu tamu. Mji mdogo wa Keene, New Hampshire, uliomba gari la deraya, na katika sababu zake ukataja tamasha la maboga. Gaidi gani huyo wa maboga? Mji unaoomba hivyo humpa gavana kisingizio cha kushikilia mfuko.

Watazameni Boston. Boston na miji minane jirani yake ilipokea fedha hizi kama eneo moja na kufanya mazoezi pamoja. Mabomu yalipolipuka kwenye mbio za marathoni mwezi Aprili 2013, watu watatu walikufa papo hapo na zaidi ya 260 wakajeruhiwa. Kila majeruhi aliyefikishwa hospitali akiwa hai alipona. Madaktari wana sifa yao, lakini waliowabeba majeruhi hao na kuwagawa hospitali mbalimbali walikuwa wamekwisha kufahamiana.

Basi, ndugu wasomaji, msiwaachie wakubwa peke yao. Vikao vya kaunti viko wazi kwa wananchi: nendeni mkaulize ni nani aliyetia sahihi ya ridhaa, kimenunuliwa nini, na kama redio za zimamoto wenu zinasikilizana na za polisi. Wazee wa misikiti na makanisa wana sababu ya ziada. Ipo ruzuku ya kulinda nyumba za ibada, kwa kamera, milango na walinzi, na maombi yake nayo hupitia ofisi ya jimbo, ambayo hufunga dirisha lake mapema kuliko Washington. Anayesubiri tangazo la Washington huwa amekwisha kuchelewa, kwa hiyo ijueni ofisi hiyo mwaka huu, kabla dirisha halijafunguliwa.