Kosa la Kiingereza, Lawama kwa Kiswahili

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yatumiwayo kila siku katika afisi na shule zetu, ni machache yanayoteswa kama neno "request". Barua za kuomba likizo, barua za kuomba kazi na hata insha za mitihani hujaa sentensi kama hii: "I request for permission." Mtahini akiiona huipiga mstari kwa wino mwekundu, naye mwanafunzi hupoteza alama asijue amekosea wapi.

Kanuni yenyewe si ngumu. Neno hili ni nomino na vilevile ni kitenzi, na kila hali ina desturi yake. Likiwa nomino, hufuatwa na kihusishi "for": "a request for permission". Likiwa kitenzi, hupokea yambwa yake moja kwa moja pasi na kihusishi: "I request permission." Anayesema "I request for permission" amekivisha kitenzi vazi la nomino.

Linalotukera zaidi si kosa hilo bali hukumu inayoliandama. Aghalabu walimu wakiulizwa chanzo chake, hujibu upesi kuwa ni athari ya lugha ya mama au ya Kiswahili. Dai la aina hiyo limetumiwa kwa miaka mingi kuwakataza watoto kusema lugha zao katika viwanja vya shule. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka wa 1986, alieleza jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni walionaswa wakisema Kigikuyu walivyochapwa au kuvishwa kibao cha chuma shingoni. Kenya ilipata uhuru mwaka wa 1963, lakini imani kwamba lugha zetu huharibu Kiingereza haikuondoka na mkoloni.

Hebu na tulipime dai hilo kwa neno hilihili. Mswahili husema "naomba ruhusa". Hapana kihusishi baina ya kitenzi na yambwa. Akitumia nomino, husema "ombi la ruhusa", na hapo "la" haiepukiki. Hakuna asemaye "naomba la ruhusa". Basi lugha hizi mbili, ambazo hazina nasaba moja, zimeafikiana kabisa katika jambo hili. Mwanafunzi ambaye angefuata Kiswahili chake neno kwa neno angeandika Kiingereza sahihi! Isitoshe, kosa hili husikika pia India na Nigeria, ambako Kiswahili si lugha ya wenyeji. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Chanzo basi kitafutwe ndani ya Kiingereza chenyewe. Kitenzi "ask" kina maana mbili: kuuliza na kuomba. "Ask a question" ni kuuliza swali, ilhali "ask for permission" ni kuomba ruhusa. Hapo "for" ina kazi ya kupambanua maana. Kitenzi "request" hakina maana ya kuuliza. Maana yake ni kuomba tu, kwa hiyo hakihitaji kupambanuliwa. Mwanafunzi aliyezoea "ask for" tangu madarasa ya chini, kisha akakutana na "a request for", hulinganisha mambo hayo mawili na kudhani kuwa kitenzi nacho kinataka "for". Hilo ni kosa la mtu anayefikiri, wala halistahili kiboko wala kejeli.

Ieleweke pia kuwa si kila "for" katika sentensi ya namna hii ni kosa. "I request a chair for the visitor" ni sentensi sahihi, kwa kuwa yambwa ya kitenzi ni kiti, na "for" yaonyesha anayeombewa. Mswahili angesema "namwombea mgeni kiti", na kauli ya kutendea ingeifanya kazi hiyohiyo. Hapa tena Kiswahili kinaangaza njia.

Wala "request" haliko peke yake. Husemwa "a demand for payment", lakini "they demand payment". Husemwa "a discussion about fees", lakini "we discuss fees". Ajuaye siri ya neno moja ameyajua na mengine.

Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ingefaa basi masomo haya mawili yasaidiane badala ya kutazamana kama mahasimu. Mwalimu wa Kiingereza na aandike ubaoni sentensi nne: "naomba ruhusa", "ombi la ruhusa", "I request permission" na "a request for permission", kisha awaachie wanafunzi wazilinganishe wenyewe. Mwalimu wa Kiswahili naye asione haya kuutaja mfano wa Kiingereza anapofunza nomino na vitenzi. Nao wakuu wa shule ambao hadi leo huwaadhibu watoto kwa kusema Kiswahili wajiulize ni kosa lipi hasa la Kiingereza ambalo adhabu hiyo imewahi kulisahihisha.